Mzazi na Faili la Mwanawe: Haki ya Kupata Kumbukumbu za Mtoto Kutoka Shule Binafsi



Je, shule binafsi inaweza kumnyima mzazi ripoti ya mtoto wake, namba yake ya usajili au barua ya uhamisho? Baba aliyemwacha mke, au mama aliyeachwa, ana haki ya kuuliza habari za mtoto shuleni hata kama mtoto haishi naye? Na kuna mambo ndani ya faili la mtoto ambayo mzazi mwenyewe hapaswi kuyaona? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa sheria za Tanzania, na pale jambo linapogusa dini, kwa yale waliyoyasema wanachuoni wetu. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wa visiwani, nao tumewawekea sehemu yao. Mfano wetu mkuu lakini ni Kitaya, kwa kuwa huko tabu zote za karatasi za shule zimekutana mahali pamoja.

Kwa nini Kitaya

Kitaya iko ukingoni mwa Mto Ruvuma, katika Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, mkoa wa Mtwara. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mzazi wa huko mwenye uwezo kidogo, akitaka mwanawe asome shule binafsi, hana budi kumpeleka bweni mjini Mtwara, Masasi au mbali zaidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza anakuwa mbali na ofisi ya mkuu wa shule. Habari za mtoto humfikia kwa simu, kwa ujumbe, au kwa bahasha anayorudi nayo mtoto likizo ikifika.

Pili ni korosho. Pesa ya mkulima wa kusini huja na minada ya stakabadhi ghalani, kuanzia Oktoba hivi, lakini ada ya shule haingoji Oktoba. Ikifika Juni wazazi wengi wanadaiwa, na hapo ndipo husikia neno wanalolijua vizuri: "Ripoti hutolewa kwa aliyemaliza ada."

Tatu ni lile la tarehe 14 Oktoba 2020. Wapiganaji waliotoka upande wa Msumbiji walivuka na kukishambulia kijiji. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alithibitisha shambulio hilo na kusema washambuliaji walikadiriwa kufika mia tatu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikakimbia. Nyumba ikiungua, karatasi zilizomo sandukuni huungua nayo: cheti cha kuzaliwa, stakabadhi za ada, ripoti za tangu darasa la kwanza. Mtoto wa familia kama hiyo anabaki kuwa na historia ya masomo katika sehemu moja tu, nayo ni kabati la shule. Hapo ndipo haki ya kuomba nakala inapokuwa jambo la lazima, si la kupenda kujua tu.

Karatasi ni ya nani

Faili la mwanafunzi huwa na vitu vingi kuliko ripoti ya muhula. Humo mna fomu ya kujiunga, mahudhurio, alama za mitihani ya ndani, matokeo ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili, barua za onyo, fomu ya afya, hesabu ya ada na picha za mtoto. Mna pia namba ya PREM, ambayo mwanafunzi hupewa kupitia mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) na hufuatana naye toka shule moja hadi nyingine. Mzazi asiyeijua namba hiyo hupata tabu siku ya kuhamisha mtoto. Iombe leo, hata kama huna nia ya kumhamisha, uiandike mahali ambapo haitapotea.

Shule husema faili ni mali yake, nayo inasema kweli kwa upande mmja. Karatasi, wino na kabati ni vya shule. Lakini habari zilizoandikwa juu ya karatasi hiyo ni za mtoto, na shule imezipokea kwa sababu mzazi aliileta amana yake pale. Katika fiqhi aliyewekewa amana hapaswi kumkatalia mwenyewe anapoitaka, na aya ya 58 ya Suratun-Nisaa ndiyo asili ya hukumu hiyo. Wala haibatilishi haki ya shule kubaki na nakala yake. Anayeomba nakala haombi kupokonya kitu.

Sheria inasemaje

Tuseme wazi tangu mwanzo: Tanzania haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya faili la mwanafunzi, kama Marekani walivyofanya. Haki ya mzazi imetawanyika katika sheria kadhaa, na anayeijua moja tu huishia kubishana na mhasibu wa shule bila faida.

Iliyo nzito kwa shule binafsi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya mitandao ya simu na mabenki peke yake, kama wengi wanavyodhani. Inamhusu kila anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na katika maana ya taarifa binafsi imetaja wazi habari za elimu ya mtu. Zaidi ya hapo, taarifa zinazohusu watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za vinasaba na za miamala ya fedha. Shule yenye majina ya watoto mia nne, namba za simu za wazazi wao na hali zao za afya imebeba mzigo mkubwa kisheria, ijue au isijue.

Kifungu cha 33 kinampa mhusika wa taarifa haki ya kuambiwa kama taarifa zake zinatumiwa, ni taarifa gani, kwa ajili gani, na nani wengine wanapewa. Kifungu cha 38 kinahusu kurekebisha au kufuta taarifa zisizo sahihi. Mtoto mdogo hawezi kuandika barua ya madai mwenyewe, kwa hiyo anayesimama badala yake ni mzazi au mlezi wake halali. Haki hii haikufungwa na sharti la kumaliza ada. Tutalirudia hilo.

Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Tume hupokea malalamiko, huchunguza, na inaweza kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Mmiliki wa shule ambaye hajawahi kusikia jina la Tume hii huwa mpole ghafla anapoliona kwenye barua.

Ya pili ni Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, ya Tanzania Bara. Kifungu cha 4 kinaweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza kuzingatiwa, na vifungu vya 8 na 9 vinamwekea mzazi wajibu wa kumsomesha, kumlinda na kumwongoza. Haiingii akilini mtu awekewe wajibu wa kusomesha kisha afichwe jinsi masomo yanavyokwenda. Faida nyingine ya sheria hii ni maana yake ya neno mzazi: haimtaji baba na mama wa kuzaa peke yao, imeingiza pia aliyeasili mtoto na yule ambaye mtoto amekabidhiwa kwake alelewe. Bibi wa Mtwara mjini anayelea wajukuu kutoka Kitaya, kwa hiyo, si mtu wa pembeni. Ila awe na maandishi ya kukabidhiwa, maana shule haiwezi kumpa kila anayekuja na kusema "mimi ni shangazi yake" habari za mtoto, na ikifanya hivyo yenyewe ndiyo inayokosea.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, hutajwa sana, lakini kwa shule binafsi ina mipaka. Inazibana taasisi za umma, na taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali pale Kitaya kabla ya kwenda bweni, sheria hii inafaa: raia anaomba kwa maandishi na anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30. Kwa shule binafsi ya kawaida tumia ile ya taarifa binafsi.

Nyuma ya zote hizo ipo Katiba ya 1977. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na familia yake, na ibara ya 18 inazungumzia haki ya kupata habari. Mzazi hupata nguvu kutoka katika zote mbili: ana haki ya kujua, na ana haki ya kutaka wengine wasijue.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba

Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Bara. Zanzibar inayo yake, Sheria ya Watoto Namba 6 ya mwaka 2011, na mambo ya elimu yanasimamiwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Namba 6 ya mwaka 1982. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, ila mitihani ya NECTA ni ya Muungano. Kwa hiyo mzazi wa Chake Chake mwenye mgogoro na skuli ya binafsi juu ya ripoti ya muhula aanze na Wizara ya Zanzibar, na yule ambaye tatizo lake ni cheti cha kidato cha nne mlango wake ni NECTA, sawasawa na mzazi wa Kitaya. Mzazi wa kisiwani aliyempeleka mtoto bweni Bara anafuata sheria ya mahali skuli ilipo.

Cheti cha kuzaliwa, ambacho ndicho ushahidi wa kwanza wa uzazi, Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na Bara hutolewa na RITA. Jina la baba lililoandikwa vibaya kwenye cheti limewazuia wazazi wengi kuliko ubaya wa wakuu wa shule. Lisahihishe mapema.

Wazazi walioachana

Hapa pana dhulma nyingi, na mara nyingine shule huingizwa ndani yake bila kujua. Baba hulipa ada, kisha humwambia mkuu wa shule asimpe mama chochote. Au mama anaishi na mtoto, naye humwandikia shule kwamba baba "hayupo".

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaiachia mahakama kuamua mtoto akae na nani kwa kuangalia maslahi yake, na inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora awe na mama mpaka lithibitishwe kinyume chake. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, mama ana haki zaidi ya malezi mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, aghlabu miaka saba, kisha mtoto huchaguzwa. Matumizi na gharama za masomo hubaki juu ya baba. Hivyo sheria ya nchi na fiqhi zimekaribiana hapa kuliko watu wanavyodhani.

La muhimu kwa suala letu ni kwamba malezi na uzazi ni mambo mawili. Asiyelala nyumba moja na mtoto hakuacha kuwa mzazi. Baba bado ni walii wa mtoto, naye ataulizwa juu yake. Mama bado ni mama hata kama mahakama imempa baba malezi. Aya ya 233 ya Suratul-Baqarah inakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mtoto wake na baba kudhuriwa kwa ajili ya mtoto wake, na kumficha mzazi ripoti ya mwanawe ni katika madhara hayo. Shule isikubali maagizo ya mdomo ya mmoja dhidi ya mwingine. Anayetaka mwenzake azuiwe alete amri ya mahakama, na akiwa Zanzibar ipo Mahakama ya Kadhi kwa mashauri ya ndoa na talaka za Waislamu. Baraza la usuluhishi la BAKWATA, kwa upande wa Bara, hupatanisha. Halina mamlaka ya kumwamrisha mkuu wa shule, lakini maandishi yake ya makubaliano juu ya nani apewe nini husaidia sana yakipelekwa shuleni.

Kwa maoni yetu, njia nyepesi ni wazazi wote wawili waandikwe kwenye fomu ya kujiunga, na shule itoe nakala mbili za kila ripoti. Gharama yake ni karatasi moja.

Anayedaiwa ada

Tusimtetee mzazi kwa batili. Ada ni deni, na mwenye uwezo anayechelewesha deni amedhulumu, kama ilivyothibiti katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Walimu wa shule binafsi wanalipwa kwa ada hizo, nao wana watoto. Kuna wazazi ambao korosho zimeuzwa, pikipiki imenunuliwa, na bado shule inaambiwa ingoje.

Lakini njia ya kudai deni si kila njia. Rahani katika fiqhi ni mali iliyowekwa kwa ridhaa ya mwenyewe, inayoweza kuuzwa deni lilipwe. Ripoti ya mtoto haiuziki, na mtoto hakukopa. Anayeshikilia habari za mtoto ili kumbana baba yake ameshika kisichokuwa mali kwa deni lisilo la yule mwenye nacho. Na kwa mdaiwa aliyekwama kweli, aya ya 280 ya Suratul-Baqarah imeagiza apewe muda. Ndivyo tunavyoona, na Allaah Anajua zaidi.

Kisheria ni vyema kutofautisha mambo matatu ambayo shule hupenda kuyafunga pamoja. La kwanza ni habari: alama, mahudhurio, namba ya PREM. Hizi ni taarifa binafsi za mtoto, na haki ya kuzipata haitegemei salio la ada. La pili ni huduma, kama barua ya uhamisho au barua ya tabia njema, ambayo shule nyingi huiweka mwisho wa fomu ya kumaliza madeni. Hapa mzazi asome alichokisaini alipomwandikisha mtoto, na atafute mapatano ya malipo kwa maandishi, akimhusisha Afisa Elimu. La tatu ni cheti cha NECTA. Cheti hicho hutolewa na Baraza, na shule ilikuwa kituo cha mtihani tu. Matokeo yenyewe NECTA huyatangaza kwenye tovuti yake, kwa hiyo hakuna sababu ya mzazi kulipia mtu ili kuyajua.

Jirani zetu wa Kenya wamelimaliza hilo la cheti kwa maneno ya wazi: sheria ya Baraza lao la Mitihani ya mwaka 2012 inasema cheti kisizuiwe kwa mtahiniwa na mtu au taasisi yoyote. Ingekuwa kheri na sisi tungekuwa na sentensi kama hiyo.

Shule inayodai haikuachwa bila silaha. Inaweza kumshitaki mzazi kwa deni lake mahakamani kama mdai mwingine yeyote.

Ambayo mzazi hatapewa

Haki ya mzazi ni juu ya mtoto wake, haifiki kwa watoto wa wenzake. Kuomba orodha nzima ya darasa ili kuona nani amemshinda nani ni kuomba faragha ya familia nyingine, na ile desturi ya kubandika ukutani majina, alama na madeni ya ada inafaa iachwe.

Faili likiwa na taarifa kwamba mtoto amedhuriwa, na anayetuhumiwa ni mtu wa nyumbani, shule haimkabidhi mtu huyo. Sheria ya Mtoto inamtaka anayejua mtoto anadhulumiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya eneo lake, yaani ustawi wa jamii. Mzazi asiye na hatia anaweza kuona uchungu kuzuiwa kwa muda. Avumilie, kwani kizuizi hicho kimewaokoa watoto.

Yapo pia mazungumzo ya mtoto na mwalimu mlezi au mnasihi. Kijana wa kidato cha tatu akimweleza mwalimu siri yake, si kila neno ni la kwenda kusomwa sebuleni. Uislamu umekataza upelelezi (Suratul-Hujuraat, aya ya 12), na mzazi mwenye hekima hutaka kujua kama mwanawe yuko salama bila kudai kila sentensi. Akitimiza miaka 18 anakuwa mtu mzima kisheria, na barua ya maombi inapaswa kuandikwa naye au kwa idhini yake, hata kama ada bado unalipa wewe.

Habari za afya ya binti zinataka tahadhari zaidi. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua dhidi ya Tanzania katika shauri lililohusu wasichana kupimwa ujauzito kwa lazima shuleni na kufukuzwa. Kabla yake, Novemba 2021, serikali ilikuwa imetangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa kupata ujauzito wanaweza kurudi. Mzazi ana haki ya kuuliza binti yake alipimwa nini, kwa idhini ya nani, na matokeo yamewekwa wapi. Anayo pia haki ya kutaka yasizungumzwe chumba cha walimu. Sitara ni haki ya binti huyo, hata pale alipokosea.

Picha za watoto mitandaoni

Jambo hili ni dogo kwa shule na kubwa kwa familia, hasa wanaotaka mabinti zao wasioneshwe hadharani. Picha ya mtoto ni taarifa binafsi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto mitandaoni bila idhini ya wazazi. Sheria yetu inataka idhini vilevile. Kama fomu ya kujiunga ina sentensi inayoruhusu shule kutumia picha, unaweza kuikata na kuweka saini pembeni.

Walioko nje

Kwa ndugu walioko Marekani, sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mzazi haki ya kuona faili ndani ya siku 45, lakini inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na shule nyingi binafsi za msingi na sekondari, za Kiislamu zikiwemo, haziguswi nayo. Uingereza, kanuni za mwaka 2005 zinampa mzazi faili ndani ya siku 15 za masomo kwa shule za serikali za mitaa. Kwa shule binafsi huombwa kwa njia ya sheria ya data, na muda wake ni mwezi mmoja. Oman wana sheria yao ya data, Amri ya Kifalme Namba 6 ya mwaka 2022, inayodai idhini ya walii kwa taarifa za mtoto.

Namna ya kuomba

Usianze kwa simu, na usianze kwa hasira. Andika barua, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliye mbali atume kwa barua pepe au kwa mtu anayemwamini, apige picha ya muhuri. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

"Mkuu wa Shule. YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA KUMBUKUMBU ZA MWANAFUNZI (jina kamili, darasa, mwaka wa kuandikishwa). Mimi ni baba/mama/mlezi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, naomba nakala za ripoti zake za kuanzia muhula (…) hadi (…), rekodi ya mahudhurio, namba yake ya PREM, na taarifa nyingine zinazomhusu zilizopo katika faili lake. Naambatanisha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho changu. Naomba nijibiwe kwa maandishi ifikapo tarehe (…)."

Usiweke habari za ada ndani ya barua hii. Kama unadaiwa, andika barua ya pili ya kupanga malipo, na uitimize. Ukichanganya, utajibiwa la ada tu.

Usipojibiwa, nenda kwa mmiliki au bodi ya shule. Shule nyingi binafsi za Kiislamu ziko chini ya taasisi au msikiti, na mara nyingi imamu mmoja anayejua watu hufanya kwa siku moja kilichoshindikana kwa miezi. Ikishindikana, mfuate Afisa Elimu wa halmashauri ilipo shule, wa Msingi au wa Sekondari, pamoja na ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Mwisho ni Tume, kwa malalamiko ya maandishi yenye nakala za barua zako zote. Asiye na uwezo wa wakili aulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, na huduma yao haina malipo.

Karatasi zikiungua au kupotea

Anza polisi, upate taarifa ya upotevu. Kisha cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kwa sababu bila hicho hatua nyingine hukwama. Kisha shule ya mwisho aliyosoma mtoto, kwa barua ile ya juu. Kama shule imefungwa, muulize Afisa Elimu wa halmashauri ilipokuwa. Cheti cha mtihani wa taifa kilichopotea ni suala la NECTA, nao watataka taarifa ya polisi, namba ya mtihani, mwaka na jina la kituo. Ukiwa na picha ya cheti kwenye simu, kazi hupungua nusu. Watoto waliosomea upande wa Msumbiji kabla ya kukimbia machafuko ya Cabo Delgado wana ripoti za Kireno. Zitafsiriwe na zipelekwe kwa Afisa Elimu wakati wa kuandikishwa, na zile za asili zisiachwe ofisini.

Na madrasa nazo zinaandika. Daftari la ustadhi lenye jina la mtoto, jina la baba yake na mwaka alioanza juzuu ya kwanza linafaa kupelekwa pamoja na vielelezo vingine, pale familia inapolazimika kuonesha kwamba mtoto huyu ni wao na aliishi kijijini hapo.

Na Allaah Anajua zaidi.